Usiache Tarehe ya Mwisho Ikuamulie

Katika nyumba zenye kipato kidogo ni nadra mtu kukaa na kijana akamwambia, "Wewe hutakwenda chuo kikuu." Kwetu hakuna aliyenikataza. Matokeo yalitoka, watu wakafurahi, kisha mazungumzo yakarudi kwenye kodi ya nyumba na mahitaji ya wadogo zangu. Baba alihofia kunipa matumaini asiyoweza kuyagharamia, nami nikahofia kumwongezea mzigo, kwa hiyo tukanyamaza wote wawili huku muda wa maombi ukiyoyoma. Shangazi yangu ndiye aliyeuliza: "Umeshaulizia ni kiasi gani, au umejijibu mwenyewe kwamba haiwezekani?"

Tangu wakati huo nimezungumza na vijana wengi wa familia kama yetu, na nimeona kwamba wengi waliobaki nyumbani hawakuamua kubaki. Tarehe ya mwisho iliwapita. Kwenda ni uamuzi na kutokwenda ni uamuzi, na yote mawili ninayaheshimu. Kinachoniuma ni kijana ambaye suala lake halikuwahi kuzungumzwa.

Basi lizungumze, na uanze na hesabu kamili. Watu wengi huhesabu ada peke yake, wakati mzigo mzito zaidi huenda ukawa kipato ambacho nyumba itakikosa ukiondoka. Ukiwa na nguvu za kufanya kibarua, wewe ni sehemu ya bajeti. Unaangalia bibi, unapeleka wadogo shule, unachangia chakula. Kijana wa familia yenye uwezo hana swali hili, ndiyo maana ushauri anaopewa haukufai wewe. Ukisitasita kwa sababu ya nyumbani, asikwambie mtu kwamba huna ndoto. Unawajibika, na hilo ni jema. Lakini uliza kwa uwazi: nani atashika kazi ninazozifanya sasa? Mwaka wa kwanza nisipoweza kutuma chochote, tutaishije? Je, kuna kaka, mjomba au jirani anayeweza kusaidia kwa muda? Mkiyaandika kwenye karatasi, mtakuta baadhi ya mambo yana ufumbuzi na mengine hayana. Heri kujua lipi ni lipi.

Halafu kuna hofu ya mkopo. Aliyewahi kuona vyombo vya ndani vikibebwa na wadai hawezi kusikia neno mkopo akatulia. Hata hivyo mikopo ya masomo haifanani. Nchini Australia, tangu mwaka 1989, marejesho ya mkopo wa serikali wa chuo kikuu hufuata kipato cha mhitimu, na asiyefikisha kiwango kilichowekwa hadaiwi chochote kwa wakati huo. Kwingine unadaiwa kiasi kilekile kila mwezi, uwe na kazi au usiwe nayo. Kabla ya kusaini, uliza marejesho yanaanza lini, riba ni kiasi gani, nani atakudhamini, na deni linakuwaje ukiacha masomo njiani. Afisa asipokujibu waziwazi, tafuta mwingine.

Fomu nazo zimewarudisha nyuma vijana wenye akili sana. Nchini Marekani watafiti wakiongozwa na Eric Bettinger walijaribu jambo rahisi: familia zenye kipato cha chini zilisaidiwa kujaza fomu ya msaada wa fedha za masomo, hapohapo walipokwenda kushughulikia kodi zao za mapato. Miongoni mwa wanafunzi waliokuwa wakimaliza sekondari, waliotimiza miaka miwili ya chuo walipanda kutoka asilimia 28 hadi 36. Familia nyingine zilipewa maelezo tu bila kusaidiwa kujaza, na hali yao haikubadilika. Kwa hiyo usiridhike na mtu anayekuelekeza kwenye tovuti. Mwombe mwalimu, au mwanafunzi aliyeshapita huko, akae nawe mpaka fomu iishe.

Lakini kizuizi ninachokiogopa kuliko vyote ni ile sauti ya ndani inayosema pale si pa watu kama sisi. Chuo Kikuu cha Michigan, hukohuko Marekani, kilituma barua kwa wanafunzi hodari wa familia maskini kikiwaahidi kwamba wakikubaliwa hawatalipa ada. Wengi wao wangepata msaada unaokaribia huohuo hata bila barua, ila hawakuwa na uhakika. Walioomba nafasi walifika asilimia 68, wakati kati ya wenzao wasioipata barua walikuwa asilimia 26. Uwezo wao ulikuwa uleule. Kilichoongezeka ni neno la uhakika, lililosemwa mapema. Wewe huenda usitumiwe barua ya namna hiyo, kwa hiyo iombe: iandikie ofisi ya udahili, eleza hali ya kwenu, uliza msaada uliopo, na utake jibu la maandishi.

Inawezekana baada ya yote hayo jibu likawa hapana, au si mwaka huu. Chuo cha ufundi kinachokupa kazi mapema kinaweza kuwa chaguo bora kwako, na kusubiri mwaka mmoja ukikusanya akiba si kushindwa, mradi nafasi yako ihifadhiwe kwa maandishi.

Na ukikubaliwa, usilegee. Wapo wanaopata nafasi lakini hawafiki darasani, kwa sababu ya malipo ya awali ya bweni, cheti kilichokosekana, au nauli. Mtafute mwanafunzi wa mwaka wa pili anayetoka kwenye nyumba kama yako, si yule anayelipiwa kila kitu. Muulize aliishije wiki za mwanzo kabla fedha za kujikimu hazijaingia, alidaiwa nini ambacho hakikuandikwa kwenye barua ya udahili, na alipokwama alikwenda ofisi gani. Akikutajia ofisi hiyo, wapigie kabla hujafungasha.