Barua kwa mwanangu: anza na kifo cha nkambo

Lubumbashi

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza utafute wapi kijiji alikotoka nkambo wangu, baba yake babu yako, maana cheti chake cha ubatizo hakionekani. Anza na kifo chake. Wazee wa kizazi chake walizaliwa vijijini bila kuandikwa, lakini waliofia hapa mjini waliacha karatasi.

Nenda kwanza parokiani. Sheria ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1917 ilimtaka kila paroko awe na kitabu cha marehemu, aandike humo jina na umri wa aliyefariki, wazazi wake au mwenzi wake wa ndoa, siku ya kifo, padri aliyempa sakramenti na mahali alipozikwa. Ukikuta mji umeandikwa Élisabethville, ndio huu wetu kabla ya 1966. Majina yasome kwa sauti, kwa kuwa Kasongo huyo huyo huenda aliandikwa Kassongo. Ukiwatafuta pia wadogo zake, kumbuka kwamba mwaka 1972 utawala wa Mobutu ulipiga marufuku majina ya Kikristo, kwa hiyo aliyebatizwa kwa jina moja huenda alizikwa kwa jingine.

Tarehe ya kifo unaweza kuiamini, lakini umri na mahali pa kuzaliwa vipokee kwa tahadhari, kwani aliyevitaja hakuwa marehemu mwenyewe bali mtu aliyebaki, pengine jirani tu. Kwa hiyo andika pia jina la aliyetoa taarifa, ukiliona. Makaburini usitegemee mengi; misalaba ya mbao ya wakati ule imeliwa na mchwa.

Karatasi ninayoithamini kuliko zote haiko parokiani wala kwenye komini, yaani ofisi ya serikali ya sehemu ya mji, iko sandukuni kwa shangazi yako: daftari la michango ya matanga ya babu yako. Nililishika mwaka jana, jalada limelegea, ukurasa wa kwanza una duara la kikombe cha chai. Shangazi aliwapanga waliochanga kwa makundi: wa kazini, wa parokia, wakwe, na mwishoni kabisa, chini ya mstari alioupiga kwa rula, "watu wa kwetu". Hapo pana majina saba. Mbele ya jina la tano hakuna kiasi cha fedha, ila maneno haya: "mfuko wa mahindi, amekuja na treni, Kongolo." Kongolo ni mji wa mbali, kaskazini mwa hapa kwetu; mtu hasafiri umbali ule na mahindi begani kwa ajili ya asiye wake. Siku ile mimi nilikuwa nashughulika na jeneza, sikumwuliza lolote, na jambo hilo linaniuma mpaka leo.

Usilichukue daftari. Piga picha ukurasa huo ukiwa pale pale, umketie shangazi yako taratibu, kwa sababu ndiye aliyempokea mgeni yule mlangoni na kumwuliza jina. Mwulize mgeni huyo alimwita babu yako nani: kaka, mjomba au mtoto.

Baba yako