Seremala ameukataa mchoro wetu wa mzinga. Tununue programu nyingine?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu hapa Tabora. Klabu yetu shuleni inabuni mzinga wa nyuki, ule wa sanduku wenye vijiti vya juu. Tumeuchora kwa Inkscape, programu ya bure ya kuchora, kwenye kompyuta ya shule, tukaupaka rangi ya mninga na kuuwekea kivuli, kila aliyeuona akausifu. Tulipompelekea seremala alituuliza maswali mengi, mwisho akasema kwa mchoro huu hawezi kukata hata ubao mmoja. Kaka mmoja wa stesheneri anasema kosa ni la programu ya bure. Yeye anayo ya kulipia, ameikraki, atatuwekea kwa shilingi 30,000, na anasema hiyo ukiipa picha inatoa mchoro wa ufundi yenyewe. Tumeshaanza kuchanga. Tununue?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Acheni kuchanga, na waliokwisha kutoa warudishiwe hela zao. Huyo seremala mshukuruni, maana angekuwa mtu wa tamaa angekata mbao zenu kwa kukisia na malipo angechukua.

Mlichonitumia nimekitazama. Ni picha nzuri ya mzinga, imechorwa kwa mshazari, ina rangi na kivuli. Haina kipimo hata kimoja. Haionyeshi unene wa mbao, haisemi vijiti ni vingapi wala kila kimoja kina upana gani, na ndani ya sanduku hatuoni chochote. Michoro ya namna hii naletewa kila muhula, na kila mara mwenye mchoro anaamini kwamba kilichopungua ni programu. Hakuna programu duniani inayojua mzinga wenu uwe na urefu gani. Hilo mnaliamua ninyi, na mnaliamua kabla kompyuta haijawashwa.

Tuanze na nyuki wenyewe, kwa sababu wao ndio watakaoutumia mzinga. Nyuki wa Afrika hupanga masega yao karibukaribu kuliko wale wa Ulaya, ndiyo maana kijiti cha juu, kile ambacho nyuki huning'iniza sega lao, hapa kwetu hukatwa kwa upana wa milimita 32, na kule kwao takribani 35. Mkikosea hapo, nyuki hawatajenga sega moja kwa kila kijiti. Watajenga wakikatisha kutoka kijiti hiki hadi kile, na siku ya kurina mkivuta kimoja mnararua masega matatu, asali inamwagika, majana, yaani watoto wa nyuki, yanakufa. Mkiamua vijiti 28, basi 28 mara 32 ni milimita 896. Huo ndio urefu wa ndani, kutoka ubao wa mwisho huu hadi ule, ikiwa vijiti vinakaa katikati ya mbao hizo mbili. Ongezeni milimita chache za nafasi kwa sababu mbao hutuna wakati wa masika. Mkitumia 35 mliyoiona kwenye mchoro wa Ulaya, mtafika 980. Tofauti ni milimita 84, na kwa macho kwenye skrini hamtaiona kabisa.

Halafu unene. Seremala akisema mbao ya inchi moja, inchi ni milimita 25.4, lakini hiyo ni kabla ya randa. Ikipigwa randa pande zote mbili mara nyingi inabaki 20 hivi. Sasa angalieni: urefu wa nje ni ule wa ndani kujumlisha mbao mbili. Kwa mbao ya 20 ni 936, kwa mbao ya 25 ni 946. Ukimpa seremala urefu wa nje peke yake, na mbao yake ni nyembamba au nene kuliko uliyoifikiria, vijiti vitakuwa vichache au vitabana. Kwa hiyo nendeni karakana kwake na rula, mpime mbao atakayoitumia kweli, kisha mrudi shule mkachore. Kazi hii ya rula na karatasi ndiyo wengi mnairuka, na hapo ndipo panaponiudhi, kwa kuwa ndipo ubunifu wenyewe ulipo.

Inkscape inawatosha. Ni ya bure kihalali, inafanya kazi bila intaneti ikishawekwa, na inachora kwa vekta, yaani kila mstari unatunzwa kwa mahali unapoanzia na unapoishia, kwa hiyo unaweza kuuandikia urefu kamili na kuubadilisha baadaye. Programu za kupaka rangi hutunza pikseli, yaani vitone vya rangi, na pikseli hazijui mbao ni nini. Anzeni ukurasa mpya, wekeni vipimo viwe milimita. Mzinga wa 936 hauingii kwenye A4 yenye urefu wa 297, basi choreni kwa skeli ya 1:5, yaani milimita moja ya karatasi isimame kwa tano za mzinga, utakuwa 187.2. Wekeni mwonekano wa mbele, wa ubavuni na wa juu, kila kimoja kwenye tabaka lake, na vipimo navyo tabaka lao. Ncha ya kijiti inapokaa kwenye ubao ichoreni pembeni kwa ukubwa wake halisi.

Kuna mtego mmoja wa Inkscape ambao huwachanganya hata walimu. Kwa kawaida inapokupa ukubwa wa umbo inahesabu pia unene wa mstari. Mstatili wa milimita 100 wenye mstari wa milimita 1 utaandikwa 101. Ingieni kwenye mapendeleo, sehemu ya vifaa, mchague kipimo cha umbo lenyewe bila mstari. Na wakati wa kuchapa, printa isiachiwe kuulinganisha mchoro na karatasi, iambieni asilimia 100. Pembeni ya kila ukurasa choreni mstari wa milimita 100, ukitoka pimeni kwa rula. Ukiwa 96, karatasi hiyo isifike kwa seremala.

Sasa huyo kaka wa stesheneri. Programu iliyokrakiwa inakuja na flashi iliyozunguka mji mzima, na kompyuta za shule zikiingiwa na virusi atakayeulizwa ni mwalimu wenu. Zaidi ya hapo ni kuvunja Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, ambayo inalinda hata programu za kompyuta. Lakini kinachonikera zaidi ni ile ahadi kwamba ukiipa picha inatoa mchoro wa ufundi. Picha haina habari ya unene wa mbao wala ya nafasi za ndani. Programu, hata hizi za akili mnemba, zinaweza kutoa kitu chenye mistari na namba zilizopangwa vizuri, ila namba hizo zimekisiwa, na anayekuuzia hazijui zimetoka wapi.

Mwaka 1963 Ivan Sutherland, mwanafunzi wa udaktari pale chuo cha MIT, Marekani, alionyesha Sketchpad, moja ya programu za mwanzo kabisa za kuchora kwenye skrini. Haikuwa na rangi wala kivuli. Nguvu yake ilikuwa kwamba ukiiambia mistari miwili ilingane au iende sambamba, iliushika uhusiano huo hata ukivuta mmoja wapo. Leo vijana wanauziwa kinyume chake, mng'ao bila uhusiano wowote ndani yake.

Na hii haiwahusu ninyi peke yenu. Naona michoro ya makabati, madawati, majiko ya mkaa, mashine za kukoboa, yote imeshushwa kutoka intaneti, jina limefutwa na kuandikwa la mwanafunzi, mzazi amelipa, na kwenye maonyesho waamuzi wanatoa alama kwa kivuli. Mtoto anarudi nyumbani na cheti bila kujua alichokichora kina upana gani. Walimu na waamuzi mnaosoma hapa, jaribio lake ni jepesi na halihitaji kifaa. Mwambieni mwanafunzi afungue faili lenyewe, siyo picha yake, kisha mbele yenu abadilishe unene wa mbao kutoka 25 hadi 20 na awaambie ni vipimo gani vingine lazima vibadilike. Mwombeni hivyo hivyo na yule anayewauzia programu.