Vidole vya Seremala na Nukta Nundu

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Nina umri wa miaka 47, na presha ya macho iliniondolea uoni mwaka juzi, baada ya miaka mingi ya useremala. Huu ni mwezi wa tatu najifunza kusoma nukta nundu, yaani maandishi ya wasioona yanayosomwa kwa vidole, na kuziandika kwa kibao cha kutobolea karatasi, lakini E na I hunichanganya kila siku. Vidole vyangu vimeota sugu kwa kazi ya mbao, hata nikibonyeza sana. Binti yangu ananishauri niache, kwa kuwa simu inaweza kunisomea. Je, vidole hivi vitafaa?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba, fundi. Barua yako nimesomewa na simu, kwa hiyo sina ugomvi na binti yako, ingawa simu hiyo hainijulishi neno linaandikwaje mpaka niiamuru itaje herufi mojamoja.

Usiilaumu ngozi haraka. Ulipokuwa ukipiga randa, nadhani hukuubonyeza ubao ili kujua kama umelainika. Uliupitishia mkono taratibu, na palipobaki kinundu ukapahisi. Nukta nundu husomwa vivyo hivyo, kwa kuwa kidole huzitambua kinapoteleza juu yake, ilhali anayekandamiza huuchosha mkono na, akirudia ukurasa uleule, huzilaza nukta zenyewe, ambazo kimo chake ni kama nusu milimita tu. Ikiwa vidole vina ganzi, hasa kama una kisukari, mweleze daktari. Hilo ni jambo jingine.

Kuhusu E na I, nakishuku kibao kuliko kidole. E ina nukta ya juu kushoto na ya katikati kulia. I ina ya juu kulia na ya katikati kushoto. Kwenye kibao unatoboa karatasi kwa nyuma, kutoka kulia kwenda kushoto, ili ukiigeuza isomeke sawasawa, na kwa hiyo mkono unapoandika E unatoboa umbo la I. Anayejifunza kusoma na kuandika hivyo kwa wakati mmoja asipochanganyikiwa, nitamshangaa.

Kibao kiweke kando kwa wiki chache. Mwalimu wako akiwa na mashine ya Perkins, yaani taipureta ya nukta nundu, itumie hiyo, kwa kuwa huandika nukta kama zitakavyosomwa. Mwombe akuchapie mistari ya maneno mawili tu, “mbele” na “mbili”, yakipishana bila mpangilio, kisha uyapitie kwa vidole vya shahada vya mikono yote miwili, robo saa asubuhi na robo saa jioni.

Wala usingoje kumaliza alfabeti ndipo uanze kuitumia. Makopo yako ya misumari bila shaka bado yapo. Alama ya tarakimu, ile inayoifanya herufi isomwe kama namba, ikifuatwa na B, yaani nukta mbili zilizosimama, ni 2. Ikifuatwa na C, nukta mbili zilizolala, ni 3. Chapa kwenye karatasi ngumu, gundisha moja kwenye kopo la inchi 2 na nyingine kwenye la inchi 3, kisha mwite binti yako akutume msumari anaoutaka.