Mwanangu, hao wateja 84 wanatosha

Moshi, Jumapili jioni

Mwanangu mpendwa,

Barua yako ya kutoka Arusha nimeisoma mara mbili. Unasema kundi lako la WhatsApp la wateja wa kahawa limekwama kwenye watu 84 kwa miezi mitano, na rafiki yako anakushauri uwaunganishe watu wote walio kwenye simu yako hadi kundi lijae, au ulipie matangazo ya Instagram ili biashara ionekane. Umeniuliza mimi ningefanya nini. Ningebaki na hao 84.

Unalikumbuka lile daftari la jalada jekundu pale kibandani kwangu kwenye soko la mitumba la Memorial, ulilokuwa ukilichorea magari ulipokuwa mdogo. Ndani yake hamkuwa na madeni peke yake. Niliandika nani anavaa saizi gani, nani hapendi nguo yenye zipu, nani hupata mshahara tarehe 25 na nani husubiri mavuno. Alikuwapo mwalimu mmoja wa Marangu ambaye kila ilipokaribia Juni alitafuta sweta za shule kwa ajili ya wanawe, maana baridi ya kule juu haina mzaha. Nilipofungua robota, kabla watu hawajaanza kuvutana, nilitia mkono, nikamtolea sweta sita, nikazifunga kwenye mfuko na kuuficha chini ya kiti changu. Sikumpunguzia bei hata mara moja. Mwaka wa tatu alikuja na walimu wenzake wanne, na hao nao wakaingia daftarini. Nadhani alichokuwa akikinunua hasa ni kule kukumbukwa kabla hajafika.

Kosa analokushauri rafiki yako mimi nimekwisha kulifanya. Niliponunua simu kubwa niliunganisha watu karibu 200 bila kumwomba yeyote ruhusa: wanakwaya, majirani, hata fundi bomba. Wengi walijitoa siku ile ile. Waliobaki wakaanza biashara zao, huyu vidonge vya kupunguza mwili, yule mikopo ya haraka, na kila alfajiri picha za maua zenye salamu, hata magauni niliyoyapiga picha kwa uangalifu yakazama humo na wanunuzi wangu wa kweli wakaacha kufungua ujumbe. Nililifunga kundi baada ya wiki sita kwa aibu. Tena ujue kwamba kundini kila mtu huiona namba ya mwenzake, nayo namba ya simu ni taarifa ya mtu. Tangu ilipotungwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, jambo hilo halikomei kwenye adabu tu. Mwombe mtu kwanza, umweleze anaingia wapi na atapokea nini.

WhatsApp inaruhusu watu 1,024 katika kundi moja, lakini ukubwa wa ukumbi haukulazimishi kuujaza. Mimi hupenda zaidi ile njia ya kutuma ujumbe mmoja kwa wengi, ambao kila mmoja huupokea peke yake. Orodha moja haizidi watu 256, na ujumbe humfikia yule tu aliyehifadhi namba yako. Wengi huona hiyo ni kasoro. Mimi naiona ni mizani, kwa kuwa mtu asiyeona haja ya kuandika jina lako kwenye simu yake bado hajawa mteja wako.

Na kwa kuwa nimetaja mizani: babu yako aliitaja KNCU, chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa kahawa Kilimanjaro kilichoanzishwa mwaka 1933, kwa heshima kubwa, lakini aliyemwamini ni karani wa chama cha msingi pale kijijini, kwa sababu karani yule hakuandika kilo kabla babu yako hajausoma mshale kwa macho yake mwenyewe. Wafanyie hivyo wateja wako. Kila Jumanne waulize ni paketi ngapi wanazozihitaji, ukaange Alhamisi kiasi kile walichoagiza, kahawa iwafikie ingali na harufu yake nzuri na mtaji wako usilale rafuni. Kahawa ikiungua kaangoni, piga picha buni zile nyeusi uwaonyeshe wewe mwenyewe, kabla mtu hajalalamika, kisha useme utakaanga upya lini. Mtu akilalamika mbele ya wote, mjibu mbele ya wote. Na siku mteja mgeni atakapouliza namna ya kuchemsha kahawa bila mashine, akajibiwa na mteja mwenzake kabla yako, usikimbilie kuongeza la kwako hata kama umeona kosa dogo. Mwache yule aliyejibu ajione mwenyeji.

Matangazo ya Instagram si mabaya, yalipie mara chache ili watu wakufahamu. Ila usijenge juu ya wageni wanaokuja kupanda Mlima Kilimanjaro, maana mgeni hununua paketi moja, akapanda ndege KIA, na hapo umemaliza naye. Fedha unayotaka kuitia huko, nunua daftari, ukae jioni tatu na hao 84: nani anataka iliyosagwa, nani ya punje, nani hajaagiza tangu mwezi wa pili. Hao wa mwisho wapigie simu, usiwaandikie. Wala usiwaulize kwa nini hawanunui. Waulize hali zao, nao watakwambia wenyewe.

Mimi niandike kwenye kaango la Alhamisi, paketi mbili za kusagwa. Moja ni ya jirani yangu wa kibanda cha pili, ambaye hana WhatsApp na anasema kahawa yako ya mara iliyopita ilikuwa chungu kidogo. Nimempa namba yako, atakupigia.

Mama yako