Fizi zinazotoka damu: kazi ya dawa ya meno na kazi isiyo yake

Ndugu, umeuliza ni dawa gani ya meno itakayokomesha damu inayotoka kwenye fizi zako kila asubuhi, baada ya kujaribu ile ya mkaa na ile ya chumvi bila mafanikio. Nimepita njia hiyohiyo hapa Mwanza, tena nikiwa mwalimu wa kemia ambaye alipaswa kuelewa mapema, kwa hiyo uniwie radhi kwa urefu wa jibu langu.

Kwangu ilianza na pera. Nililing'ata nikiwa nasubiri kivuko cha Kamanga, na nilipolitazama nikaona alama za damu kwenye nyama yake nyeupe, zimejipanga sawasawa na meno yangu ya mbele. Nikafanya kosa ambalo nadhani nawe umelifanya: nilipunguza muda wa kupiga mswaki nikiamini kwamba ninajiumiza, kisha nikawa nanunua dawa mpya kila mwezi. Damu ikazidi.

Aliyenizindua ni daktari wa meno aliyenipa kidonge cha rangi nikitafune, nikasukutua, kisha akanishikisha kioo. Meno niliyokuwa nimeyapiga mswaki asubuhi hiyohiyo yalikuwa na utepe mwekundu uliofuata ukingo wa ufizi, hasa upande wa ndani wa meno ya chini, na vipande vingine vilikuwa vimejibanza kati ya jino na jino. Huo ndio ukoga. Si mabaki ya chakula, bali ni utando wa bakteria hai walioshikamana kwa gundi wanayoitengeneza wenyewe, na ndiyo sababu kusukutua kwa maji hakuuondoi. Daktari akaniambia, "Mwalimu, unataka dawa ifanye kazi ya mkono."

Jambo hilo lilikwisha kuthibitishwa zamani. Mwaka 1965 mtafiti wa magonjwa ya fizi Harald Löe na wenzake, huko Aarhus nchini Denmark, walichapisha matokeo ya watu 12 wenye fizi zenye afya walioacha kwa makusudi kusafisha meno: wote walipata uvimbe wa fizi katika muda wa siku 10 hadi 21, na waliporudia kusafisha, fizi zao zilipona kwa takriban wiki moja. Aidha, mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2016 yalionyesha kwamba mswaki wenye dawa hauondoi ukoga mwingi kuliko mswaki mtupu.

Je, kilichomo kwenye tyubu hakina maana? Kina maana, ila kila kiambato kina kazi yake. Floraidi, ambayo kwa kawaida huwekwa kati ya sehemu 1,000 na 1,500 kwa milioni, huimarisha jino lisitobolewe na asidi, na ni muhimu kiasi kwamba mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliiingiza dawa ya meno yenye floraidi katika orodha yake ya dawa muhimu. Lakini floraidi ya sodiamu, ambayo ndiyo huwekwa katika dawa nyingi, ni mlinzi wa jino zaidi kuliko wa ufizi. Chaki na silika ni za kusugua madoa. (Kwa wapenzi wa kemia: floraidi ya sodiamu ikichanganywa na chaki hunaswa na kalsiamu na kupoteza nguvu, ndiyo maana dawa nyingi za chaki hutumia floraidi iliyofungwa ndani ya fosfati.)

Kiambato kinachofaa kwa shida yako ni floraidi ya bati (kwa Kiingereza stannous fluoride), ambayo hulinda jino na wakati huohuo huwadhoofisha bakteria wa ukoga. Misombo ya zinki nayo husaidia kwa kiasi. Zamani kulikuwa na triklosani, kemikali ya kuua bakteria, ambayo ilipunguza ukoga na uvimbe wa fizi kwa takriban asilimia 22, lakini Marekani iliipiga marufuku katika sabuni za kunawia mwaka 2016, na mwaka 2019 dawa ya meno ya Colgate Total ya huko, iliyokuwa na triklosani, ikabadilishwa ikawekewa floraidi ya bati. Soma maandishi madogo ya nyuma ya boksi, usisome ya mbele.

Kuhusu mkaa sina upole. Sijaona ushahidi wa maana kwamba unatibu fizi, na kwangu chembe zake zilinasa chini ya ukingo wa ufizi zikaacha mstari mweusi uliokaa kwa wiki kadhaa. Kama unapata vidonda vya mdomo mara kwa mara, jaribu pia dawa isiyo na sodiamu laurili salfeti, yaani ile sabuni inayotoa povu. Na ukiandikiwa dawa ya kusukutua ya klorheksidini, usiitumie papo hapo baada ya mswaki, kwa kuwa sabuni hiyo huikamata na kuidhoofisha. Subiri angalau nusu saa.

Ukoga ukikaa, madini ya mate huugeuza kuwa ugaga mgumu kama simiti, na hapo hakuna dawa ya dukani itakayoubandua. Mimi nilikwanguliwa kwanza. Baada ya hapo nikatumia mswaki laini, nikiulaza mshazari kwenye mpaka wa jino na ufizi kwa dakika mbili, asubuhi na usiku, na uzi katikati ya meno. Siku za kwanza damu ilitoka na sikuacha. Kufikia wiki ya pili ilikuwa imekoma. Marehemu mama yangu kule Ukerewe alitumia mswaki wa mti maisha yake yote na fizi zake zilikuwa imara, lakini alikaa nao mdomoni tangu kuwasha moto hadi uji uive.

Floraidi ya bati imenitia rangi ya udongo kidogo kwenye meno, na mke wangu alidhani nimerudia sigara. Kama wewe unavuta, fahamu kwamba sigara hupunguza damu ya fizi huku ugonjwa ukiendelea chini kwa chini. Na kama jino lolote linacheza, au ufizi unatoa usaha, acha kutafuta dawa ya meno. Nenda ukaonwe wiki hii, na uombe wakupime sukari pia.