Aurora ya kijani Norway, nyekundu Italia: kwa nini?

SWALI: Daktari, naishi Tromsø, Norway, na kila majira ya baridi naona aurora, ule mwanga wa rangi angani usiku, ikiwa ya kijani. Mei 2024 shemeji yangu aliyeko Italia alinitumia picha za anga jekundu, ilhali huku hatukuona kitu. Je, wekundu ule ni dalili ya joto kali zaidi?

JIBU: Joto halihusiki. Rangi hiyo inakuonyesha kimo. Nyinyi hamkuona kwa sababu Mei Tromsø haina usiku wa giza. Hata aurora ingekuwa juu ya paa lako, isingeonekana.

Wengi hudhani chembe za jua hushuka moja kwa moja na kugonga hewa. Sivyo. Upepo wa jua, yaani mkondo wa chembe zinazotoka kwenye jua, huvuta uga wa sumaku wa dunia ukawa mkia mrefu upande wa usiku. Mkia ukishashehena nishati hukatika, na elektroni hurushwa kurudi duniani kwa kufuata mistari ya sumaku. Zikigonga atomu ya oksijeni huiachia nishati ya ziada, nayo lazima iitoe.

Hapa ndipo penye utamu. Kuitoa kama mwanga wa kijani huchukua chini ya sekunde moja. Kama mwekundu, karibu dakika mbili. Kwenye kimo cha kilomita 110 hivi atomu hugongwagongwa na wenzake na kunyang'anywa nishati kabla dakika hizo hazijatimia. Wekundu basi huwaka juu ya kilomita 200, kwenye hewa nyembamba mno. Lile pindo la waridi unaloliona chini kabisa ni la naitrojeni.

Shemeji yako alikuwa mbali, na dunia ni mviringo. Mwanga wa kilomita 110 huzama nyuma ya upeo ukiwa umbali wa kilomita 1,200 hivi. Wa kilomita 250 huonekana hadi karibu 1,800. Alichopiga picha ni kilele cha pazia la aurora. Isitoshe, dhoruba ya sumaku iliyowasha aurora ile ya Mei 2024 ilikuwa ya kwanza kufika daraja la juu kabisa, G5, tangu Oktoba 2003.

Muulize pia aliona nini kwa macho. Gizani jicho hushindwa kunasa wekundu, na kamera humsaidia mtu kuliko anavyokubali. Wewe mwenyewe, usiku wa dhoruba, weka kamera kwenye tripodi, iache lenzi wazi sekunde nane au kumi, uielekeze juu kidogo ya kijani.