UBA haibandiki ubikwitini, inaishika tu
Je, UBA (ubiquitin-associated domain, sehemu ya protini) ndiyo hubandika ubikwitini, protini ndogo inayotiwa kwenye protini nyingine kama alama? Hapana, UBA si kimeng'enya. Kubandika ni kazi ya vimeng'enya vya E1, E2 na E3. UBA huishika ubikwitini ikishabandikwa. Ni kipande kidogo cha asidi amino kama 45, helisi tatu zilizokunjwa pamoja, na uso wake usiopenda maji hukaa juu ya lusini 8, isolusini 44 na valini 70 za ubikwitini. Ndiyo maana kidhibiti kizuri cha jaribio ni ubikwitini yenye I44A: ukigeuza isolusini hiyo kuwa alanini, mshiko unavunjika. Tazama protini ya binadamu hHR23A: UBA mbili za kushika protini iliyotiwa alama, na UBL (kipande kinachofanana na ubikwitini) mwanzoni ya kujishikiza kwenye proteasomu, mashine ya seli inayovunja protini.

Ila mshiko wa UBA moja ni dhaifu, kiwango cha mikromola, kwa hiyo ukinasa ubikwitini kwa UBA iliyofungwa kwenye shanga, ukiziosha kupita kiasi unabaki mikono mitupu. Weka N-ethilimaleimidi, kizuizi cha vimeng'enya, kwenye bafa ya kupasulia seli, bila kemikali ya DTT maana DTT huiua N-ethilimaleimidi, la sivyo vimeng'enya vinavyokata ubikwitini vitamaliza minyororo kabla hujaiona. Na si kila UBA hushika ubikwitini, kwa hiyo ijaribu ya kwako kwanza.